Nyumba ya ploti, jirani ana wufa, na mimi naamka saa 10 alfajiri. Nifanyeje nilale?

konda_mstaafu (Nakuru)

Wadau, habari za usiku, ama niseme za asubuhi sijui, hapa ni saa 7 na dakika 40 na macho ni kodo kama ya bundi. Badala ya kuendelea kuhesabu mbao za paa nimeona niandike, labda kuna mtu alishapitia hii shida akaimaliza.

Mimi ni dereva, matatu ya Nakuru kwenda Kisumu, gari ya kwanza. Maana yake saa 10 alfajiri lazima niwe nimesimama kwa miguu yangu. Naishi Free Area, ploti ya rumu nane zimepangwa mstari kama mabehewa, ukuta wa mawe, mabati juu, silingi hakuna. Nikifika saa 2 nakula, naoga, saa 3 niko kitandani, na hapo ndio mechi inaanza. Jirani wa kushoto ni kijana kinyozi, anafunga kazi saa 4, akiingia tu anawasha wufa, ile spika ya besi, na si ati sauti ni kubwa sana, hapana, ni ile besi, duf duf duf, naisikia kifuani kuliko masikioni. Halafu yeye hata simu akiongea nasikia, najua deni analodaiwa na najua anadaiwa na nani. Nyuma ya ploti kuna baa, hiyo ilikuwa Ijumaa na Jumamosi lakini siku hizi wameongeza Jumatano. Mbele kule barabara kuu, treila ikija tupu ikapiga tuta, utafikiri mtu ameangusha choo cha mabati kutoka ghorofani. Landilodi naye ameweka pampu ya kupandisha maji kwa tangi, inajiwasha yenyewe maji ya mfereji yakija, na maji ya hapa kwetu yanapenda kuja saa 8 usiku.

Nimejaribu pamba masikioni, haifanyi kitu. Nimejifunika blanketi mpaka kichwani, nikaamka nimelowa jasho. Mtu fulani stejini akaniambia nipige chupa mbili za kulala, nikamwambia buda, mimi nabeba watu 14.

Kitu imenitisha ni ya juzi. Nilifika Londiani Junction na sikumbuki nimepita Mau Summit saa ngapi. Na kabla ya hapo kuna Salgaa, na nyote mnajua Salgaa ajali zimemaliza watu namna gani. Kuhama siwezi, watoto wako shule hapa na diposti nilishalipa. Sasa nisaidieni, na asije mtu kuniambia nitafute nyumba Milimani kwa matajiri.

trei_za_mayai (Eldoret)

Pole kaka. Dawa ni rahisi, tafuta trei za mayai zile za karatasi, gundisha ukuta mzima upande wa huyo kinyozi. Studio zote wanafanya hivyo. Mimi nilifanya nikiwa chuo.

fundi_gipsamu (Kisumu)

@trei_za_mayai ndugu yangu sikukosei heshima lakini hiyo ni hadithi imezunguka Kenya nzima na inajaza nyumba za watu mende. Trei ya mayai, na sponji pia, na mapazia, hivyo vitu vinapunguza mwangwi ndani ya chumba. Ukipiga makofi ndani sauti hairuki ruki. Lakini kuzuia sauti isitoke rumu moja kuingia nyingine hiyo ni kazi ya uzito na ya kuziba, na trei ya mayai ina uzito gani? Studio wanaweka vitu laini ndani ili rekodi isikike safi. Ukuta wenyewe ni mzito, mara nyingi ni kuta mbili.

Sasa turudi kwa mwenye uzi. Mkuu umesema unasikia mtu akiongea simu. Ukuta wa mawe uliopigwa plasta pande zote mbili, ukiwa mzima, unakula desibeli (kipimo cha sauti) 45 hivi, maongezi ya kawaida hayapenyi hapo ukaweza kushika maneno. Kama unashika maneno basi ukuta wako si mzima. Naomba kujua kitu kimoja tu, huo ukuta wa katikati umefika kwa mabati ama umeishia pale mbao zinapoanzia?

Kama hujui fanya hivi. Usiku zima taa zako zote, mwambie jirani awashe ya kwake. Lala chali uangalie juu. Pale unapoona mwanga ndipo sauti inapopitia.

konda_mstaafu (Nakuru)

Fundi wacha nicheke nisilie. Nimefanya sasa hivi. Si mwanga tu, nimeona mpaka nondo wanaozunguka balbu yake. Ukuta umeishia kama futi moja na nusu chini ya mabati, rumu yote, kushoto na kulia. Miaka miwili nalala hapa sijawahi kuinua macho nikafikiria hiyo kitu.

fundi_gipsamu (Kisumu)

Basi umepata. Hiyo ni kawaida ya ploti nyingi, mjengaji anaokoa mistari miwili ya mawe kwa kila ukuta, rumu nane ni pesa. Na inasaidia hewa kuzunguka kidogo, siwezi kukataa. Lakini kwa kelele, hiyo si nyumba nane, ni nyumba moja ndefu yenye mapazia ya mawe.

Nikuambie hesabu moja uone kwa nini usinunue kitu kingine chochote kabla ya hapo. Ukuta hata uwe mzito namna gani, ukiacha tundu la asilimia 1 tu ya eneo lake, ule ukuta wote hautazidi kupunguza desibeli 20 hivi. Asilimia 1! Wewe yako ni futi moja na nusu mara urefu wa rumu. Ukiweka kabati, ukiweka godoro ukutani, ukiweka hiyo miujiza ya mayai, sauti inapanda, inapita juu, inakushukia usoni.

Dawa: ongeza mistari ya mawe mpaka mabati. Mabati yana migongo kwa hiyo yataacha matundu matundu, hapo fundi asiwe mvivu, ajaze mota kila mgongo, na zile mbao zinapopita ukutani azizunguke vizuri. Kama landilodi anaogopa uzito basi fremu ya mbao na bodi ya gipsamu pande mbili, katikati pamba ya glasi. Lakini mawe ni bora na ni rahisi kwenu huko.

NyarKondele (Kisumu)

Nyinyi wa Nakuru mna bahati, mnalala na blanketi, dirisha mmefunga. Huku Kisumu ukifunga dirisha unaiva. Ukifungua unapata boda boda, baa, mbwa, vyura wa huko chini Nyalenda mvua ikinyesha, na kama kuna msiba mtaani basi wiki nzima ni spika. Mimi nimefunga ndoa na feni. Hiyo feni haipunguzi kelele hata moja lakini inaweka sauti yake moja ya vuuuu, hizo zingine zinazama ndani yake. Feni ikizima stima ikipotea naamka palepale, ukimya ndio unaniamsha, fikiria.

sista_wa_zamu (Kakamega)

NyarKondele umenena. Mimi ni nesi, wiki mbili kwa mwezi nalala mchana, watoto wa jirani wanacheza kati, muuza samaki anapita anaita, kwa hiyo hii mada ni yangu.

Kinachoamsha mtu si ukubwa wa sauti peke yake, ni ile kubadilika ghafla. Ubongo hata ukilala unaendelea kusikiliza, kitu cha mfululizo unakizoea, kitu cha kushtukiza unakuamsha ukaangalie. Ndio maana mtu analala fofofo ndani ya basi linalonguruma na anaamshwa na kijiko kikianguka jikoni. Shirika la Afya Duniani miaka ya nyuma, 1999, walisema chumbani isizidi desibeli 30 kwa wastani, na mlio wa mara moja moja usipite 45. Na ule usingizi mzito zaidi uko nusu ya kwanza ya usiku. Ikifika saa 8, saa 9, usingizi unakuwa mwepesi, kitu kidogo tu umeamka. Hiyo pampu ya landilodi wako inakukuta hapo hapo.

Kuhusu pamba, kaka, pamba haina kazi masikioni. Tafuta vile vizibo vya sponji, famasi na maduka ya vifaa vya usalama kazini wanauza, ni bei ya soda mbili hivi. Lakini watu tisa kati ya kumi ninaowaona hawajui kuviweka, wanavisukuma tu kama wanaziba chupa halafu wanasema havifanyi kazi. Unakisokota kwa vidole mpaka kiwe chembamba kama njiti, mkono mwingine unazungusha nyuma ya kichwa unavuta sikio juu na nyuma, unakiingiza, halafu UNAKISHIKILIA kama sekunde 30 kikifura. Ukitoa kidole sauti yako mwenyewe inasikika kama uko ndani ya tangi, hapo kimekaa. Mikono iwe safi, kikichafuka tupa, na kama sikio linatoa usaha ama linauma usiweke kabisa.

(hapo tisa kati ya kumi ni maneno ya kusema tu, asije mtu kuniuliza utafiti)

konda_mstaafu (Nakuru)

Sista asante sana. Swali mbili. Moja, nikiziba masikio si sitasikia alamu? Mbili, mwizi akija? Hapa kwetu betri ya gari haikai nje usiku wawili.

sista_wa_zamu (Kakamega)

Alamu weka simu itetemeke, iingie ndani ya foronya chini ya kichwa, ule mtetemo unapita kwa mfupa. Jaribu kwanza Jumapili usije ukaniletea lawama. Mwizi sasa... mimi nikilala usiku na mzee yuko safari naziba sikio moja tu. Nalala ubavu, sikio la chini limezibwa na mto, la juu ndio naweka kizibo. Nikigeuka ndani ya usingizi shauri yake.

omusakhulu (Kakamega)

Mulembe nyote. Mimi nawasikiliza na nasema hamjui kelele, njooni Kakamega mwezi wa 4 mvua ya mawe ishuke kwa mabati yasiyo na silingi. Redio huisikii. Mke akikuita huisikii (hiyo si mbaya kila siku). Baba yangu alikuwa na nyumba ya nyasi, mvua inanyesha usiku kucha unaijua asubuhi ukiona matope. Tulipojenga ya mabati 1988 tukafurahi sana, maendeleo, halafu masika ya kwanza hakuna mtu alilala mpaka mvua iishe.

Nilichofanya mimi ni silingi ya bodi laini, ile kama karatasi iliyoshikana, na juu yake nikataka kutandika magunia lakini kijana wangu akanikataza.

fundi_gipsamu (Kisumu)

Mzee kijana wako alikuokoa. Magunia juu ya silingi, waya za stima zimepita hapo hapo, panya wanatafuna waya, hiyo ni kiberiti inangoja siku. Pamba ya glasi ama ya mwamba haishiki moto, ghali kidogo lakini unalala. Na ukipanda juu kagua misumari ya mabati, ile mipira yake ikikauka bati linacheza, upepo ukija linapiga mbao tang tang tang. Kuna nyumba nilienda Mamboleo mwenye nyumba alikuwa amefikiri ni mapepo, mpaka maombi yakafanywa. Ilikuwa misumari minne.

sheria_mkononi (Nakuru)

Mnazungumza mambo ya mawe na sponji mnasahau kuna sheria. Kanuni za kelele na mitetemo zilizotoka 2009 chini ya sheria ya mazingira zinasema hivi: kwenye makazi ya watu, ndani, mchana ni desibeli 45, usiku ni 35. Na usiku wao unaanza saa 2 na dakika 1 jioni mpaka saa 12 asubuhi. Hata ukisema mtaa wako umechanganyika makazi na biashara na sehemu za starehe, mchana wanaruhusu 55 lakini usiku inarudi 35 palepale. Nyumba za ibada nazo ziko humo, usiku 35, kwa hivyo wa kesha wasijifiche nyuma ya Bwana.

Tena kanuni haziangalii kipimo peke yake. Zinaangalia ni saa ngapi, ni karibu na watu kiasi gani, inajirudia ama ni mara moja, na kama mwenye kelele angeweza kuipunguza bila gharama kubwa. Hiyo ya mwisho ndio silaha yako, mtu wa kupunguza wufa anahitaji gharama gani, kidole.

Kuhusu baa, ile sheria ya pombe ya 2010, ile tuliita ya Mututho kwa sababu Mututho alikuwa mbunge wa hapa hapa Naivasha, iliweka mwisho saa 5 usiku kwa baa za kawaida. Siku hizi leseni za pombe ni kazi ya kaunti. Anza na mzee wa mtaa na chifu, halafu ofisi ya mazingira ya kaunti ama NEMA, ile mamlaka ya taifa ya mazingira, na muwe wengi, barua ya mtu mmoja inafungiwa maandazi. Andikeni tarehe na saa kila inapotokea, wiki tatu hivi, kwa daftari la mtoto.

trei_za_mayai (Eldoret)

Na hiyo 35 atapima na nini, sikio?

sheria_mkononi (Nakuru)

Programu za simu zipo, si ushahidi wa korti kwa sababu simu haijasawazishwa na kipimo halisi, lakini inakuonyesha uko wapi. Ukiona 60 saa 6 usiku hata simu ikikosea kwa 5 bado jibu ni lile lile. Na jua desibeli hazihesabiwi kama nyanya, ukipanda 10 sikio linasikia kama imezidi mara mbili.

konda_mstaafu (Nakuru)

Leo nimepima na simu nikiwa kitandani. Kinyozi amewasha wufa, 52. Amezima, baa peke yake, 47. Treila, 66 halafu inashuka. Nimetoka kazini na nimelala na vizibo vya sista masaa matano bila kugeuka, sista ubarikiwe, nimeota mpaka ndoto ya utotoni. Lakini besi bado naisikia, inapita kwa godoro.

Baa nimeona matundu ya hewa juu ya dirisha ndio mlango wake, yale ya chuma yenye wavu. Kesho naziba na mfuko na mota kidogo.

NyarKondele (Kisumu)

Omera ngoja kwanza. Unapikia nini humo ndani?

konda_mstaafu (Nakuru)

Gesi. Ikiisha mwisho wa mwezi jiko la makaa. Na mwezi wa 7 hapa baridi ni ya kufa mtu tunaliingiza ndani kidogo tuote moto.

NyarKondele (Kisumu)

Basi usizibe!! Kaka naomba usizibe. Hewa ya sumu ya makaa yaliyoshika vizuri haina rangi wala harufu, unalala na hauamki. Mtaani kwetu tulizika watu wawili, mtu na dada yake, jiko lilikuwa mlangoni kwa ndani. Bora kelele.

sista_wa_zamu (Kakamega)

Naongeza sauti hapo. Hata kama ni gesi tupu, rumu ya kumi kwa kumi watu wanne wamelala, hewa lazima iingie mahali. Na ukishajenga ule ukuta wa juu hewa uliyokuwa unapata kutoka rumu za pembeni imekatika, kwa hivyo yale matundu ndiyo yanabaki. Moto wa jiko muotee nje, liingie ndani likiwa limezimika kabisa.

fundi_gipsamu (Kisumu)

Wako sahihi, nilipaswa kusema mimi kwanza nikiwa fundi. Matundu yabaki wazi. Kama baa imekuzidi kuna ujanja: tengeneza kasha la mbao, kina kama cha kiganja na nusu, lifunike matundu kwa ndani, ndani ya kasha gundisha sponji pande zote, halafu tundu la kutokea liwe chini ya kasha si mbele. Hewa inapinda kona inapita, sauti nyembamba nyembamba zile za watu kupayuka zinakwama kwa sponji. Halitamaliza, litapunguza. Libandue kila miezi mitatu upige vumbi.

Dirisha lenyewe angalia puti, ile inayoshika kioo kwa fremu. Haya madirisha ya chuma puti ikizeeka inapasuka inadondoka, kioo kinabaki kimeshikwa na mungu, treila ikipita kinatetemeka zzzz. Sehemu ya kelele ya barabara unayosikia ni kioo chako mwenyewe. Puti ya kopo ni pesa kidogo, kisu butu, jioni moja umemaliza dirisha. Na kwenye fremu pale dirisha linapofunga gundisha kamba ya tyubu ya baiskeli. Mlango nao chini una nafasi gani?

konda_mstaafu (Nakuru)

Panya mzima anapita amebeba mzigo.

fundi_gipsamu (Kisumu)

😂 Kata mpira wa tairi ama kipande cha zulia, pigilia chini ya mlango kiguse sakafu. Kuhusu besi sasa nikwambie ukweli, besi huiwezi wewe ukiwa upande wako. Mawimbi yake ni marefu, yanatikisa ukuta wenyewe na sakafu. Besi inamalizwa kwake. Wufa ikiwa imekaa kwa sakafu na imesukumwa kwa kona, kona inaipa nguvu bure. Aiondoe kwa kona, aiweke juu ya kipande cha godoro kuukuu ama vipande vinne vya tairi. Wewe kwako toa kichwa cha kitanda kwa kona pia, katikati ya ukuta ama kati ya rumu besi inapungua, jaribu kutembea ndani ya rumu ikiwa inapiga utasikia mwenyewe. Ile pampu ya landilodi ni dawa hiyo hiyo ya tairi, iinuliwe kutoka kwa zege, na bomba linaloshuka ukutani livalishwe raba kwenye vishikio. Pia muulize, kuiwekea taima ya saa ni kitu gani.

konda_mstaafu (Nakuru), wiki mbili baadaye

Nimerudi wadau, samahani kimya, nilikuwa nalala 😁

Wacha nianze na landilodi kwa sababu ndiye nilimwogopa. Nilimpigia simu nikamwambia mzee shikamoo, mimi mpangaji wa rumu ya tatu, nikamweleza mambo ya ukuta, akanyamaza, nikajua sasa ananifukuza. Akauliza, "Na wewe ndio utalipa?" Tukazozana kama robo saa. Mwisho amenunua mawe na simiti, mimi nimelipa fundi na mchanga, pande zangu mbili tu, akaona rumu ya saba nayo wameanza kuuliza sasa anasema nimemletea siasa. Pampu ameiweka taima, inawaka saa 12 asubuhi, tangi ni kubwa linatosha. Hiyo ilikuwa kazi ya dakika tano na nimeiteseka miaka miwili.

Ukuta umefika kwa mabati, mota kwa kila mgongo, nilisimama hapo na tochi usiku nikimwonyesha fundi mwanga unapotokea, alinichukia. Sasa simu za jirani sisikii. Nimepima, jirani akiwa anaongea na TV yake imewashwa simu inaonyesha 34, 35. Sheria_mkononi kumbe landilodi alikuwa na sheria ndani ya mawe.

Sasa ile ya kinyozi ndio nataka mnisikize. Jumapili nilichukua soda mbili nikamgongea. Nikakaa kwa stuli nikaanza kwa upole, nikamwambia mdogo wangu mimi naamka saa 10, nabeba watu, na ile besi yako inanimaliza. Akaniangalia. Akasema, "Mzee nilikuwa nakuheshimu tu, lakini ile alamu yako ya saa 10 ndio inaniamsha kila siku tangu nihamie hapa."

Kumbe wadau simu yangu nilikuwa naiweka juu ya sinia la chuma ili ipige kelele zaidi, na naisnuzi, naizima ilie tena baadaye, mara tatu. Mara TATU. Halafu natoka nje nawasha gari naacha inguruma dakika kumi dirishani kwake nikinywa chai. Yeye analala saa 7 kwa sababu hana usingizi mapema, naye ananiona mimi ndio shetani wa ploti. Wufa alikuwa anaiwasha ati ajichoshe alale.

Tulinyamaza kidogo halafu tukacheka mpaka mke wangu akaja kuangalia. Tumekubaliana wufa mwisho saa 4 na nusu, tumeitoa kwa kona, iko juu ya vipande vya tairi nilivyokata stejini. Mimi alamu iko kwa foronya, inatetemeka, na gari nalala nimelielekeza getini nikiwasha nimeondoka, inapata joto barabarani polepole.

NyarKondele (Kisumu)

Haki mara tatu na sinia. Huyo kijana apewe medali.

omusakhulu (Kakamega)

Sinia! Mimi jogoo wangu alipigiwa kesi na jirani kwa chifu. Chifu akasema nimjengee banda la chini na lenye giza, jogoo asipoweza kunyoosha shingo hawiki vizuri. Nimejenga. Anawika saa 12 na nusu kama mfanyakazi wa serikali.

trei_za_mayai (Eldoret)

Na baa je?

konda_mstaafu (Nakuru)

Baa bado. Kasha la sponji nimetengeneza, limepunguza makelele ya watu kidogo, spika bado zinapenya siku ya Jumamosi. Tuko watu kumi na mmoja tumeandika tarehe kwa daftari, sheria_mkononi nitakutafuta inboksi uniangalizie barua. Jumamosi naziba sikio moja kama sista.

Halafu fundi, dirisha nimepiga puti lakini imebaki laini siku ya nne sasa, ukiibonyeza kidole kinaingia. Ni ya kopo lililokuwa limefunguliwa dukani. Ni kawaida ama nimeuziwa unga?

fundi_gipsamu (Kisumu)

Ni kawaida hiyo, puti ya mafuta inachukua wiki mbili na zaidi kushika, na huko kwenu ni baridi. Usiibonyeze bonyeze. Ikishika ngozi juu ndio upake rangi, ukiacha bila rangi itapasuka mwaka kesho tuanze uzi mwingine.